Kuiongezea Bazel Lugha ya Fortran: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwandishi wa programu ambaye tayari anatumia mfumo wa ujenzi, yaani programu inayoita kompaila na zana nyingine kwa mpangilio hadi msimbo uwe programu kamili, kwa kazi zake za kila siku, na sasa amepewa msimbo wa lugha ambayo mfumo huo hauijui. Mfano unaofuatwa toka mwanzo hadi mwisho ni wa mfumo wa Bazel na lugha ya Fortran, kwa kutumia kompaila ya gfortran. Bazel haiji na kanuni za Fortran, yaani maelezo ya namna ya kuujenga msimbo wa lugha hiyo, kwa hiyo kila hatua inabidi tuipitie wenyewe, na mengi ya yatakayosemwa hapa yatamfaa hata anayeshughulika na OCaml, Pascal au lugha aliyoibuni mwenyewe.

Mfumo wa ujenzi ukisemwa kwamba "unaijua" lugha fulani, maana yake ni nini hasa?

Wengi hudhani maana yake ni kujua amri ya kuita kompaila. Amri ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Amri ya `gfortran -c pwani.f90 -o pwani.o` mtu huikariri kwa dakika moja. Kazi nzito ni kuueleza mfumo, kabla amri yoyote haijaendeshwa, kwamba amri hii itasoma mafaili gani, itatoa mafaili gani, na ni amri zipi nyingine zinazopaswa kutangulia. Mfumo hauna njia ya kujionea mambo hayo wenyewe, huamini ulichoandika. Ukiuficha jambo moja, utajenga vizuri mara tisa, na mara ya kumi utakupa programu iliyochanganya msimbo wa jana na wa leo bila kukuonya.

Make, mfumo aliouandika Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, huitambua lugha kwa kiambishi cha jina la faili. GNU Make hadi leo hubeba orodha ya viambishi inavyovijua tangu zamani: `.f` na `.F` vimo, `.f90` hakimo. Kinachochekesha ni kwamba `.mod` kimo pia, lakini kwa maana ya msimbo wa lugha ya Modula-2, ndiyo maana wajenzi wa Fortran wanaotumia Make huona siku moja mashine ikilalamika kwamba haikuipata programu iitwayo `m2c`, ambayo hawajawahi kuisikia maishani mwao. Make imeliona faili la moduli ya Fortran, ikalidhania kuwa la Modula-2, ikataka kulikompaili.

Kwa nini mfano uwe Fortran, lugha ya mwaka 1957?

Kwanza, kwa sababu bado inafanya kazi. LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki ambayo programu nyingi za kisayansi huiegemea, imeandikwa kwa Fortran, na modeli ya utabiri wa hali ya hewa ya WRF imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha hiyohiyo. Pili, na hili ndilo la msingi, Fortran ina tabia inayoufichua mfumo wa ujenzi uliotengenezwa kwa kufikiria lugha ya C peke yake. Katika C, mafaili mawili ya msimbo yanaweza kukompailiwa kwa mpangilio wowote, hata kwa wakati mmoja, kwa kuwa faili la kichwa limeandikwa na binadamu na lipo kabla kazi haijaanza. Tangu Fortran 90, mambo hayako hivyo. Tazama mafaili haya mawili:

```
! pwani.f90
module pwani
  implicit none
  real, parameter :: kimo_bamvua = 3.5
end module pwani
```

```
! bandari.f90
program bandari
  use pwani, only: kimo_bamvua
  implicit none
  print *, kimo_bamvua
end program bandari
```

Ukikompaili `bandari.f90` kwanza, gfortran itakataa na kusema haiwezi kulifungua faili la `pwani.mod`. Faili hilo hakuna aliyeliandika. Huzalishwa na kompaila yenyewe inapomaliza kuisoma `pwani.f90`. Hivyo kukompaili faili moja hutoa vitu viwili, yaani faili la `.o` kwa ajili ya kiunganishi (programu inayoyaunganisha mafaili ya `.o` kuwa programu moja) na faili la `.mod` kwa ajili ya kompaila nyingine itakayokuja baadaye, na mpangilio wa kazi umefichwa ndani ya msimbo, kwenye mstari wa `use`. Anayeweza kulitatua hili hatapata shida na lugha nyingi zilizobaki.

Je, nitalazimika kuibadilisha Bazel yenyewe?

Hapana, na hapa ndipo mifumo inapotofautiana sana. Katika Meson, ujuzi wa kila lugha umo ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo kuongeza lugha ni kupeleka mabadiliko kwa wanaouendeleza mradi huo na kusubiri yakubaliwe. Katika CMake unaweza kuongeza lugha kwa kuandika mafaili machache yenye majina maalumu, ambapo moja huitafuta kompaila, jingine huhifadhi kilichopatikana, jingine huijaribu, na jingine hueleza namna ya kuiita. Inawezekana, ila ni njia isiyopitwa na wengi na maelezo yake ni haba. Bazel, ambayo Google iliufungua msimbo wake kwa umma mwaka 2015, ilijengwa kwa kutarajia kwamba lugha zitaongezwa kutoka nje. Kanuni huandikwa kwa Starlark, lugha inayofanana na Python iliyojulikana kama Skylark hadi mwaka 2018. Katika toleo la 8, lililotoka Desemba 2024, hata kanuni za Java na Python zilikuwa zimehamishiwa kwenye hifadhi zake zenyewe, kwa hiyo utakachoandika wewe kinasimama safu moja na walichoandika wao.

Starlark imenyimwa mambo kadhaa kwa makusudi. Haina kitanzi cha `while`, hairuhusu kitendakazi kujiita chenyewe, na kanuni yako haiwezi kufungua faili la msimbo na kulisoma wakati Bazel inapanga kazi. Katazo hili la mwisho ndilo litakalokusumbua, na linajibiwa kwa kirefu hapa chini.

Nianze na nini siku ya kwanza?

Anza na `genrule`, yaani kanuni ya jumla inayoendesha amri yoyote ya shell. Andika moja kwa ajili ya `pwani.f90` na nyingine kwa ajili ya `bandari.f90`, hadi programu ijengeke. Utajifunza amri kamili, viteuzi vyake, na folda ambazo matokeo huangukia. Kisha zifute zote mbili. Nimeona miradi iliyobaki na `genrule` za siku ya kwanza kwa miaka, kila moja ikinakiliwa kutoka kwa jirani yake na kubadilishwa neno moja, na siku kompaila ilipobadilishwa ikabidi watu wapite mlango kwa mlango.

Kanuni yenyewe inafananaje?

Sehemu yake ya kati, bila mapambo, ni hii:

```
FortranInfo = provider(fields = ["moduli", "vitu"])

def _fortran_object_impl(ctx):
    zana = ctx.toolchains["//fortran:toolchain_type"].fortran
    o = ctx.actions.declare_file(ctx.label.name + ".o")
    mod = ctx.actions.declare_directory(ctx.label.name + "_mod")
    zilizotangulia = depset(
        transitive = [d[FortranInfo].moduli for d in ctx.attr.deps])

    args = ctx.actions.args()
    args.add("-c", ctx.file.src)
    args.add("-o", o)
    args.add("-J", mod.path)
    args.add_all(zilizotangulia, format_each = "-I%s",
                 expand_directories = False)

    ctx.actions.run(
        executable = zana.gfortran,
        tools = zana.mafaili,
        arguments = [args],
        inputs = depset([ctx.file.src], transitive = [zilizotangulia]),
        outputs = [o, mod],
        mnemonic = "FortranCompile",
    )
    return [
        DefaultInfo(files = depset([o])),
        FortranInfo(
            moduli = depset([mod], transitive = [zilizotangulia]),
            vitu = depset([o], transitive =
                [d[FortranInfo].vitu for d in ctx.attr.deps]),
        ),
    ]
```

Kwanza, kanuni hii haikompaili kitu. Hutangaza kwamba kipo kitendo kiitwacho `FortranCompile`, chenye mafaili haya ya kuingia na haya ya kutoka, kisha hurudi. Bazel hufanya kazi kwa awamu: husoma mafaili ya BUILD, ambamo mtumiaji huorodhesha malengo, yaani vitu anavyotaka vijengwe, hupanga grafu ya vitendo, na mwisho huvitekeleza vile tu vinavyohitajika. Kanuni yako huishi katika awamu ya pili.

Pili ni `FortranInfo`, kifurushi cha taarifa ambacho lengo moja humkabidhi mwenzake. Lengo la `bandari` halijui lolote kuhusu undani wa `pwani`. Linachopokea ni kifurushi hicho, na ndani yake lina kila linachohitaji. Muda utakaoutumia kufikiria kifurushi hiki kibebe nini ni muda uliotumika vizuri, kwa sababu kanuni nyingine zote, ziwe zako au za watu wengine, zitakuja kukitegemea, na kukibadilisha baadaye ni sawa na kubadilisha msingi wa nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Tatu ni `depset`, mkusanyiko wa vitu wa Starlark. Mgeni hushawishika kutumia orodha ya kawaida na kuiongezea vitu kila hatua. Ukifanya hivyo katika mnyororo wa malengo elfu moja, kila lengo litanakili orodha ya waliolitangulia, na kazi itakua kwa kipeo cha pili cha idadi ya malengo. `depset` hainakili; huonyesha tu ilipo ile ya awali, na hukunjuliwa mara moja, wakati wa utekelezaji. Ndiyo maana imepitishwa kwa `args.add_all` bila kugeuzwa kuwa orodha.

Jambo la mwisho linahusu `vitu` na `moduli`, ambazo zimetenganishwa kwa sababu maalumu. Anayekompaili `bandari.f90` anahitaji `pwani.mod` pekee, `pwani.o` itahitajika na kiunganishi baadaye. Kwa kuwa Bazel hulinganisha yaliyomo kwenye faili wala haiangalii saa yake, ukirekebisha mwili wa kitendakazi ndani ya moduli bila kugusa sura yake ya nje, faili la `.mod` hubaki lilelile na walioitegemea moduli hiyo hawakompailiwi upya. Ukivichanganya vitu vyote katika kapu moja, faida hiyo inapotea.

Bazel inataka majina ya matokeo kabla ya kazi kuanza, lakini jina la faili la `.mod` linatokana na jina la moduli lililo ndani ya msimbo. Nifanyeje?

Swali hili ndilo huwakwamisha wengi, na lina majibu matatu yanayotumika.

Unaweza kudai kanuni ya majina: faili moja, moduli moja, na majina yafanane. Hapo `pwani.f90` itatoa `pwani.mod`, nawe utalitangaza faili hilo kwa `declare_file` bila kuufungua msimbo. Kumbuka kwamba Fortran haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na gfortran huandika jina la faili kwa herufi ndogo hata kama moduli imeitwa `Pwani`. Njia hii ni safi kwa msimbo mpya. Kwa msimbo wa miaka thelathini iliyopita, ambao faili moja lina moduli nne na hakuna jina linalofanana na jingine, haifai.

Unaweza kumtaka mtumiaji aziorodheshe moduli katika faili la BUILD. Ni ukweli uliowekwa wazi, ila ni kazi ya mkono, na akisahau moja kosa litaonekana mbali na lilipofanyika.

Au unaweza kutangaza folda nzima kuwa ndiyo tokeo, kama tulivyofanya kwa `declare_directory`. Chochote ambacho gfortran itaandika humo, kiwe moduli moja au kumi, kitachukuliwa. Mimi huichagua hii. Gharama yake ni kwamba Bazel haioni majina yaliyomo, kwa hiyo malengo mawili yakitoa moduli zenye jina moja, hakuna atakayekuonya. Kompaila itachukua ile inayotangulia katika orodha ya `-I`. Kuna mtego mdogo pia: `args.add` hukataa kupewa folda moja kwa moja, ndiyo sababu mstari wa `-J` umetumia `mod.path`.

Na mpangilio wa mafaili nani ataujua, ikiwa kanuni haiwezi kusoma mistari ya `use`?

Mtu au programu nyingine iliyotangulia. CMake ikishirikiana na Ninja, programu inayoziendesha amri ambazo CMake imezipanga, hulitatua suala hili wakati wa ujenzi: kwanza kila faili la Fortran hupitiwa ili kutafuta `module` na `use`, kisha matokeo hayo huingizwa katika grafu ya Ninja kazi ikiwa inaendelea, uwezo ambao Ninja iliupata katika toleo la 1.10 la mwaka 2020. Bazel hutaka grafu ijulikane mapema, kwa hiyo upelelezi huo hufanyika nje ya ujenzi, na matokeo yake huandikwa kwenye mafaili ya BUILD na kuhifadhiwa pamoja na msimbo. Kwa lugha ya Go kazi hiyo hufanywa na Gazelle, ambayo inaweza kuongezewa lugha nyingine kwa kuandika kiendelezi kwa Go.

Kwa Fortran si lazima uanze na kiendelezi. Skripti fupi ya Python inayotafuta mistari inayoanza na `module` na `use` itakufikisha mbali, mradi iruke `module procedure`, ambayo si tangazo la moduli, pamoja na `use, intrinsic`, inayoashiria moduli zilizokuja na kompaila. Skripti ya kwanza niliyoiandika ililisahau hilo la kwanza, nikashinda nusu siku nikiitafuta moduli iliyoitwa "procedure".

Kompaila itoke wapi: iliyopo kwenye mashine, au Bazel iipakue?

Kwa kuanzia, tumia iliyopo kwenye mashine. Kwa timu inayotumia akiba ya pamoja ya matokeo, usibaki hapo.

Sababu ni hii. Bazel huamua kama kitendo kimeshafanyika kwa kulinganisha amri na yaliyomo kwenye mafaili yote yaliyoingia. Ukiandika njia kamili kama `/usr/bin/gfortran`, kinachohesabiwa ni maneno hayo tu. Kompaila yenyewe si miongoni mwa mafaili yaliyoingia. Katika mradi mmoja niliowahi kushiriki, mwenzetu alipandisha toleo la mfumo wake wa uendeshaji, gfortran yake ikawa mpya, na mashine yake ikaanza kupeleka matokeo kwenye akiba ya pamoja chini ya anwani zilezile zilizotumiwa na sisi wenye kompaila ya zamani. Siku iliyofuata, nusu ya timu ilikuwa inaambiwa na gfortran kwamba faili la `.mod` limetengenezwa na toleo tofauti la kompaila na haliwezi kusomeka. Muundo wa mafaili hayo hubadilika kati ya baadhi ya matoleo ya GCC, na hausomeki kabisa na kompaila za watengenezaji wengine. Tulikuwa na bahati, maana kosa lilipiga kelele, lingeweza kunyamaza.

Suluhisho ni kuifanya kompaila iwe sehemu ya seti ya zana iliyotangazwa. Katika Bazel hutangazwa aina ya seti kwa `toolchain_type`, kisha seti moja au zaidi, kila moja ikieleza ni ya mashine gani ya kujengea na mashine gani ya kuendeshea programu. Bazel huchagua inayolingana. Kanuni yako husema tu kwamba inahitaji seti ya Fortran, bila kujali kama inajengwa kwenye Linux ya kawaida au kwa ajili ya mashine yenye prosesa ya ARM.

Unapoiorodhesha kompaila, usisahau kwamba `gfortran` ni mwita-kazi tu. Anayekompaili hasa ni programu iitwayo `f951`, iliyofichwa ndani ya folda za GCC, na baada yake huitwa `as`. Ukitangaza `gfortran` peke yake, ndani ya kizimba, folda iliyotengwa ambamo Bazel hukiendesha kitendo, utaambiwa kwamba `f951` haiwezi kuendeshwa, na utashangaa kwa kuwa nje ya kizimba kila kitu kinakwenda vizuri. Ndiyo kazi ya `tools = zana.mafaili` katika mfano wetu: hubeba kundi zima.

Kwa mkono inajengeka, kwa Bazel haijengeki. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni faili ambalo hukulitangaza. Bazel hukiendesha kila kitendo ndani ya kizimba, yaani folda iliyotengwa ambamo mna yale tu uliyosema yataingia, na kompaila ikitafuta kingine haikioni. Usikimbilie kukizima kizimba; anza na kiteuzi cha `--sandbox_debug`, ambacho hukiacha kizimba bila kufutwa, kisha ingia ndani uangalie kilichopo na kisichopo.

Kwa Fortran washukiwa wanajulikana. Wa kwanza ni mafaili yanayoingizwa kwa `include`, ambayo mara nyingi hubeba kiambishi cha `.inc` na hayaonekani katika orodha ya msimbo. Yape sifa yake katika kanuni, mfano `hdrs`, na uyaongeze kwenye `inputs`. Wa pili ni tofauti kati ya `.f90` na `.F90`: gfortran hulipitisha lenye herufi kubwa kwenye kichakata-awali, ambapo `#include` na `#ifdef` hufanya kazi, na lenye herufi ndogo hulisoma moja kwa moja. Kanuni inayokubali kiambishi kimoja tu itakataa nusu ya mradi wa kale.

Je, programu ya C++ inaweza kuitegemea maktaba yangu ya Fortran?

Inaweza, ikiwa kanuni yako itarudisha pia kifurushi cha `CcInfo`, ambacho ndicho kanuni za C++ hukielewa. Humo utaweka maktaba iliyojengwa kutokana na `vitu`, pamoja na maktaba ya uendeshaji ya `libgfortran`, bila ambayo kiunganishi kitalalamika kuhusu majina yanayoanza na `_gfortran_`. Kitendakazi kilicho ndani ya moduli hupewa na gfortran jina la ndani la mtindo wa `__pwani_MOD_pima`, na kisicho ndani ya moduli huongezewa mstari wa chini mwishoni, kama `pima_`. Usiyaandike majina hayo upande wa C++. Tumia `bind(C)`, iliyoingia lugha hiyo na Fortran 2003, umpangie jina mwenyewe.

Majaribio yanaandikwaje?

Kanuni ya majaribio ni kanuni ya kawaida yenye `test = True`, na Bazel hulazimisha jina lake liishie na `_test`. Jaribio limefaulu programu ikimalizika kwa hali ya sifuri, limefeli ikimalizika kwa namba nyingine.

Hapa Fortran ina mtego ambao sijauona katika lugha nyingine. Programu nyingi za majaribio za kale, zikiona jibu si sahihi, huandika `stop 'jibu si sahihi'`. Ujumbe hutokea kwenye skrini, programu husimama, na gfortran huirudishia mashine hali ya sifuri. Bazel itapaka kijani. Badilisha kila mstari wa namna hiyo uwe `error stop`, iliyoletwa na Fortran 2008, kabla hujaunganisha jaribio lolote na mfumo. Majaribio yaliyofaulu miaka yote yakianza kufeli ghafla siku hiyo, mfumo wa ujenzi hauna kosa.

Kanuni zenyewe nazo zijaribiwe. Hifadhi ya `bazel_skylib` ina `build_test`, inayohakikisha kwamba lengo linajengeka, na `analysistest`, inayokagua vitendo ambavyo kanuni imevitangaza bila kuvitekeleza.

Nitajuaje kwamba kanuni zangu zinasema kweli?

Jenga mara mbili kutoka mwanzo na ulinganishe. Kiteuzi cha `--execution_log_json_file` huandika kila kitendo pamoja na alama za mafaili yaliyoingia na kutoka, yaani namba (hash) zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo. Tengeneza kumbukumbu mbili, kila moja baada ya `bazel clean`, ukiwa umezima akiba ya nje, na utafute alama zilizotofautiana ilhali hakuna aliyegusa msimbo. Mkosaji wa kawaida katika mafaili ya `.F90` ni `__DATE__` na `__TIME__`, zinazopachika saa ya ujenzi ndani ya programu.

Ukitaka kuona amri halisi bila kujenga, tumia `bazel aquery 'mnemonic("FortranCompile", //...)'`. Ndiyo maana jina la kitendo lilichaguliwa kwa uangalifu pale juu.

Nimesikia habari za kompaila inayobaki ikiendeshwa kati ya kazi moja na nyingine. Naihitaji?

Kwa gfortran, hapana. Utaratibu huo huwafaa wenye kompaila zinazokaa juu ya mashine ya Java, kama Scala na Kotlin, ambazo hutumia muda mrefu kuamka. Huachwa hai na kutumiwa maombi mfululizo. Ongeza baadaye, ukishapima.

Lugha yangu ina msimamizi wake wa vifurushi. Nimtumie, au nimpite?

Msomee mafaili yake, usimwache aendeshe ujenzi. Kanuni za Rust hufanya hivyo: husoma `Cargo.lock` ili kujua matoleo, kisha Bazel yenyewe hupakua na kukompaili kila kifurushi. Ukimwita msimamizi huyo ndani ya kitendo kimoja, atataka intaneti wakati wa ujenzi na atajenga kila kitu kwa mkupuo, nawe utabaki na `genrule` kubwa yenye jina la heshima. Fortran ina msimamizi wake pia, `fpm`, na kwake ushauri ni huohuo.

Kanuni zikishakamilika, wengine watazipataje?

Ziweke katika hifadhi yake, kwa mazoea jina huwa `rules_fortran`, na faili la `MODULE.bazel` linalotaja jina, toleo na mategemeo. Kisha omba ziingizwe katika Bazel Central Registry, orodha ya umma ambamo Bazel huzitafuta kanuni za watu wengine, kwa kutuma mabadiliko yenye faili hilo, faili la `source.json` lenye anwani ya msimbo na alama yake, na faili la `presubmit.yml` linaloeleza zijengwe kwenye mashine zipi na matoleo yapi ya Bazel. Mtumiaji ataongeza mstari mmoja wa `bazel_dep`.

Kabla ya kutuma, jenga mradi mdogo wa mfano ulio nje ya hifadhi yako ukizitumia kanuni kama mgeni angezitumia, maana njia za mafaili ambazo hufanya kazi nyumbani huvunjika mara tu hifadhi inapoitwa na mwingine: `"//fortran:toolchain_type"` iliyoandikwa kama maneno matupu ndani ya makro (kitendakazi cha Starlark kinachoitwa kwenye faili la BUILD) itatafutwa kwa mwenyeji, wala si kwako, na inabidi iandikwe `Label("//fortran:toolchain_type")`. Toleo likishaingia kwenye orodha halirekebishwi. Ukigundua kosa, utatoa jipya, na la zamani litawekewa alama ya kuondolewa ili watu wasilichague tena.